Mushipa wa ubongo unapojikaza

Wanafunzi wenzetu, mwezi huu tujifunze juu ya hatari moja inayokuja wakati watu wanafikiri mugonjwa amepona.

Mutu anashikwa ghafula na maumivu ya kichwa makali kuliko yote aliyokwisha kusikia. Anatapika, shingo inakuwa ngumu. Kivimbe kidogo cha mushipa kimepasuka, damu imemwagika juu ya ubongo. Ku hospitali anaanza kuongea vizuri, jamaa wanafurahi. Kumbe siku ya 6 ao ya 7 mukono unalegea, maneno yanapotea. Ndipo wengine wanauliza: nani amemuroga?

Tuangalie mushipa wenyewe. Ukuta wake uko na misuli. Seli za ndani zinatoa gazi, oksidi ya azoti (NO), inayolegeza misuli hiyo. Sasa damu iliyomwagika inazunguka mushipa kwa inje. Seli nyekundu zinapasuka polepole, hemoglobini inatoka na kukamata ile gazi. Tena endotelini inazidi kukaza misuli. Njia inakuwa nyembamba, sehemu ya ubongo inakosa oksijeni. Kwa kuwa seli zinapasuka polepole, jambo hili linakuja hasa kati ya siku ya 4 na ya 14. Hakuna mulozi hapo.

Juu ya nini mumoja anapatwa na mwingine hapana? Kwanza ni wingi wa damu iliyomwagika. Pili ni urithi. Mwili wetu uko na haptoglobini, kazi yake ni kuokota hemoglobini iliyotoka. Gene yake iko kwenye kromosomu ya 16, nayo iko na sura mbili: 1 na 2. Uchunguzi kadhaa umeonyesha kwamba wenye 2-2 wanapatwa zaidi, maana haptoglobini yao haisafishi sana. Lakini gene si hukumu. Inaongeza hatari tu.

Waganga wanatoa dawa ya nimodipini kwa siku 21, na wanamuangalia mugonjwa muchana na usiku. Basi jamaa wakisema: «Amepona, tumurudishe nyumbani», tuwaambie: tungoje kwanza siku hizo zipite.

Zoezi: Baba ni 2-1, mama ni 2-1. Mutoto wao anaweza kuzaliwa 2-2 mara ngapi juu ya 4?
Jibu: mara 1 juu ya 4.