Farasi akijisugua mkia, usikimbilie mkasi

Wiki hii nimemkuta farasi wa kupandisha watalii amenyolewa mkia, eti kwa sababu anajisugua ukutani. Sasa nzi atawafukuza na nini? Singa hizo zitachukua miaka kurudi!

Jamani, tafuta kwanza kinachomuwasha: kupe, usubi, minyoo, au sabuni ambayo hukuisuuza vizuri. Inua mkia uangalie. Ukiona utando wa kijivu au njano kandokando ya mkundu, hiyo yaweza kuwa minyoo. Mwite daktari wa mifugo.

Kuchana, simama ubavuni, si nyuma yake. Shika singa juu ya fundo, fungua kwa vidole, kisha chana kuanzia nchani ukipanda. Ukianzia juu utazikata. Za shingoni ni hivyo hivyo, ila papasa mizizi yake, kupe hujificha humo.