Kufumbua Fumbo la Miraba: Silabi, Ngeli na Randa ya Fundi

Utangulizi

Fumbo la maneno yanayokatana katika miraba, ambalo wengi wetu huliita chemshabongo, lilichapishwa kwa umbo lake la kisasa tarehe 21 Desemba 1913, Arthur Wynne alipolitoa katika gazeti la New York World. Umbo hilo ni la kigeni, ila kufumbana si jambo geni kwetu: Muyaka bin Haji wa Mombasa alitunga mashairi ya mafumbo kabla Wynne hajazaliwa. Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba mfumbuaji wa fumbo la Kiswahili ana nyenzo tatu: silabi, upatanisho na maana, na kwamba hiyo ya tatu haipatikani kamusini pekee.

Silabi

Neno la Kiswahili, isipokuwa maneno machache ya mkopo, huishia kwa irabu. Kwa hiyo mraba wa mwisho una herufi tano tu za kujaribiwa. Aidha, konsonanti hazifuatani ovyo. Tukipata _ A N _ A, mraba wa nne mara nyingi utakuwa na D, G, J, Y au Z. Mwenye kulizingatia hili hupunguza kazi kabla hata ya kusoma kidokezo.

Upatanisho

Kidokezo kisemacho "kikivunjika hakiungiki" kimekwisha kufichua ngeli ya KI-VI. Mtungaji stadi atasema "huvunjika bila kuungika", kwa kuwa hu- ya mazoea haichukui kiambishi cha ngeli. Tahadhari: mtungaji akianza na "kifaa", upatanisho utafuata neno hilo, wala hautatuambia ngeli ya jibu.

Maana

Jioni moja niliketi katika kibanda cha seremala karibu na Barabara ya Jogoo, Makadara, nikingoja rafu yangu ya vitabu imalizwe. Mkononi nilikuwa na fumbo lililonishinda tangu asubuhi. Kidokezo cha mlalo kilikuwa: "Zurura, mbao ilainike" (herufi 5), na miraba ilionyesha _ A N _ A. Niliandika TANGA bila kusita, maana kutanga ni kuzurura. Kutoka mraba wa nne kulishuka neno la wima: "Humwongoza nahodha" (herufi 4). Jibu ni DIRA, lakini G yangu ilizuia. Badala ya kuifuta, niliamua kwamba mtungaji amekosea.

Nilikisoma kidokezo kwa sauti ili fundi naye aone kosa hilo. Hakuacha kazi.

"Mwalimu, si ni hii randa?" akasema, akiisukuma juu ya ubao.

R-A-N-D-A. D ikaingia mahali pake, na DIRA ikakaa.

"Lakini fundi, unajua kwamba kuranda pia ni kuzurura?"

Hakujua. Alicheka, akatazama barabarani alikopotelea mwanagenzi wake. "Basi huyu kijana wangu anajua kuranda kwa namna moja tu!"

Hitimisho

Kosa langu halikutokana na uhaba wa msamiati. Kitenzi randa nilikifahamu, na hata kifaa hicho nimekisoma kamusini. Nilitosheka na nusu ya kidokezo, kisha nikamlaumu mtungaji. Jibu sharti litimize kidokezo chote na kukubaliana na kila herufi inayokatana nalo. Likishindwa sharti moja, lifutwe, hata kama limependeza.

Lipo pia funzo linalotuhusu kama wanachama wa chama hiki. Makala zetu huitaja mitaa ya Eastlands, tangu Kaloleni hadi Dandora, karibu kila mara kwa ajili ya Sheng, kana kwamba hakuna Kiswahili kingine kisemwacho huko. Hali vibandani humo randa, patasi, msumeno na msasa ni maneno ya kila siku, yaliyo hai vinywani mwa watu ambao hatujawahi kuwauliza lolote. Siku ile fundi alikuwa na nusu ya fumbo nami nikawa na nusu nyingine. Anayekwenda mitaani kukusanya Sheng peke yake atarudi na miraba mingi mitupu. Basi kabla hatujamsahihisha mtungaji, tumsomee kidokezo mtu afanyaye kazi kwa mikono yake.