Matikiti Maji ya Uani

Ua mdogo wa Kibaha, Mbagala au Bagamoyo unatosha kabisa kuzaa matikiti maji, ilimradi usiyabananishe. Kila shimo lipewe nafasi ya mita mbili kila upande. Kama huna nafasi hiyo, panda mchicha. Mashimo manne yakitunzwa vizuri, mtakula nyumbani na jirani naye atapata.

Kwanza, wakati. Huku Pwani subiri masika yaishe. Mbegu zikiingia ardhini kati ya mwishoni mwa Mei na Julai, mmea utakua kipindi cha ukavu, na maji utayapima mwenyewe. Mvua nyingi huleta ukungu kwenye majani, huwafukuza nyuki na kupunguza utamu wa tunda. Eneo liwe la jua tangu asubuhi hadi jioni, na lisiwe pale ulipovuna maboga au matango msimu uliopita, maana magonjwa yao ni yale yale.

Kwa uani ningechagua mbegu ya Sugar Baby. Tunda lake ni la duara, ganda lake kijani kilichokolea, uzito wake aghalabu kilo 3 hadi 5, na huiva takriban siku 75 hadi 85 tangu kupandwa. Crimson Sweet, lile lenye michirizi, ni kubwa zaidi na linadai uwanja. Pakiti ikiwa imeandikwa F1, ni chotara: usihifadhi mbegu za matunda yake, hazitazaa kama mama yao.

Chimba shimo la sentimita 40, upana na kina, kisha changanya udongo wa juu na ndoo ya samadi iliyooza vizuri. Samadi mbichi huunguza mizizi. Inua kijituta ili maji yasituame, fukia mbegu tatu kina cha sentimita 2, mwagilia. Zikishapata majani halisi mawili au matatu, bakiza mche mmoja ulio imara. Ile mingine ikate kwa mkasi. Ukiing'oa utatikisa mizizi ya unaoubakiza. Tandaza nyasi kavu kuzunguka shina.

Mwagilia asubuhi, maji yaende shinani, yasilowanishe majani. Kumwagilia kwa kukurupuka, leo ndoo tele na wiki nzima patupu, ndiko kunakopasua matunda na kuyaozesha kitako.

Sasa maua, na hapa ndipo wengi hukata tamaa bure. Yanayotangulia ni ya kiume, nayo hupukutika bila kuacha kitu. Usihangaike na dawa. Ua la kike hufuata siku kadhaa baadaye, na utalitambua kwa kitikiti kidogo chenye manyoya kilichokaa chini ya petali. Hufunguka asubuhi, hufunga mchana, halifunguki tena. Nyuki wasipolifikia kutwa hiyo, kitikiti hugeuka njano na kuanguka. Wakilifikia kidogo tu, tunda huota limepinda. Mjini nyuki ni wachache, kwa hiyo fanya kazi yao: kabla ya saa nne asubuhi chuma ua la kiume lililofunguka, ondoa petali, kisha paka chavua taratibu katikati ya ua la kike, pande zote. Ukilazimika kupuliza dawa ya wadudu, puliza jioni.

Tunda likifika ukubwa wa yai, livishe mfuko wa karatasi au kipande cha chandarua kikuukuu, vinginevyo nzi wa matunda watalitoboa na kutaga mayai ndani. Yaliyokwisha kutobolewa yafukie nusu mita chini. Kila mmea uachie matunda mawili tu, na yawekee nyasi kavu chini.

Wiki ya mwisho punguza maji. Usitegemee kugonga kwa vidole peke yake, sikio hudanganya. Tazama kikono kilicho karibu kabisa na kikonyo cha tunda: kikikauka na kuwa kahawia, ligeuze taratibu uangalie doa la chini. Likiwa jeupe, subiri. Likiwa la njano, kata kwa kisu na kuacha kikonyo kifupi. Ukiwa na shaka, ongeza siku mbili, kwa sababu tikiti likishakatwa haliongezi utamu hata likikaa ndani mwezi mzima.