Dondoo muhimu: Klampu ya kuaminika

Fundi wa Karatu, ukipata oda ya meza za loji za Ngorongoro, usinunue klampu kwa kutazama rangi. Ikazie hapohapo dukani: taya ikipinda au kuteleza kwenye reli, iache, hata bei ikishuka. Chuma cha kufuliwa huvumilia. Cha kumiminwa hupasuka ghafla. Chagua skrubu yenye meno mapana, kwani membamba hulika upesi kwa vumbi letu jekundu. Grisi ya kulainisha skrubu nayo hulinasa vumbi hilo, afadhali nta. Kwa uso wa meza, tafuta klampu ndefu tatu zinazofanana, uzipange chini, juu, chini, mbao zisijikunje. Mbao za saiprasi ni laini: zikinge dhidi ya taya kwa kipande cha ubao.