Mwongozo wa Video Fupi kwa Wafanyakazi wa Kariakoo na Maeneo ya Bandari

Mwongozo huu ni wa mwenye fremu ya duka, mchuuzi, fundi, dereva wa guta na yeyote afanyaye kazi kati ya Kivukoni na Msimbazi ambaye ametengeneza, au anataka kutengeneza, video fupi kwa simu yake: za kutangaza bidhaa, za kufundisha ufundi, za kuchekesha au za kusimulia maisha ya mjini. Hoja yake kuu ni moja. Anayejitegemea katika kazi hii ni yule anayebaki na mali yake baada ya video kwenda hewani, yaani faili halisi, haki ya sauti iliyomo, ruhusa ya watu waliomo, na njia ya kuwafikia wateja wake bila kupitia kwa mwingine. Hayo yakikosekana, hata wafuasi laki moja hawatamlisha.

Kariakoo ina sababu ya kulijua hili kuliko mahali pengine nchini. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, filamu za Kibongo zilizotengenezwa kwa fedha kidogo zilipita hapa kwenda mikoani, kwanza katika kanda za VHS, kisha VCD na DVD. Mtayarishaji alileta kazi yake dukani kwa msambazaji, akalipwa mara moja, na mara nyingi akaondoka huku haki zote zimebaki mezani. Filamu ikipendwa, faida ilikuwa ya mwingine. Soko la diski lilipofifia na watazamaji wakahamia mtandaoni, mwenye haki ndiye aliyekuwa na cha kupakia. Kosa hilo lisirudiwe na kizazi cha simu janja.

Ruhusa kwanza

Anza na mahali. Bandari ya Dar es Salaam ni eneo la ulinzi. Mageti, makontena, kreni na meli zilizotia nanga havirekodiwi kwa kuwa tu mtu anafanya kazi humo au ana kitambulisho cha kuingilia. Kibali kinaombwa kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari, na anayefanya kazi chini ya mwendeshaji wa gati au kampuni ya uwakala aanze na mwajiri wake, kwa maandishi. Tahadhari hiyohiyo inahitajika Feri na Magogoni, ambako kamera ikigeuzwa kidogo tu unakuwa umeelekea Ikulu. Ndege isiyo na rubani isirushwe mahali popote mjini bila kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Ndani ya soko, uliza kwa uongozi wa Shirika la Masoko ya Kariakoo, na mtaani mfahamishe mwenyekiti wa serikali ya mtaa ukija na taa, stendi na watu wengi.

Kisha watu. Mama anayepanga nyanya, kuli mwenye mzigo begani na mteja anayehesabu fedha hawakuja mjini kuwa mapambo ya video yako. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, imempa kila mtu haki juu ya taarifa zinazomtambulisha, na ipo Tume ya kupokea malalamiko. Lakini hata kabla ya sheria kuna adabu: msalimie, mweleze video inakwenda wapi na ni ya kazi gani, kisha rekodi jibu lake likiwa ndani ya klipu yenyewe. Sekunde kumi za mtu akisema amekubali ni ushahidi mzuri kuliko kumbukumbu yako. Akikataa, geuza kamera bila kunung'unika. Watoto wasionekane bila mzazi kuridhia.

Siku ya maafa kanuni ni kali zaidi. Jengo lilipoporomoka Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024, simu zilikuwa nyingi kuzunguka kifusi. Ninaliandika hili kwa uzito: sura ya majeruhi au marehemu isipandishwe mtandaoni kabla ndugu zake hawajaarifiwa, na baada ya hapo pia isipandishwe. Idadi ya waathirika usiitaje kwa kusikia. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inaadhibu taarifa za uongo, na aliyesambaza hupata shida ya kueleza kwamba alitumiwa tu.

Kuhusu leseni, watu wengi wana hofu isiyo na mpaka au ujasiri usio na mpaka. Kanuni za maudhui ya mtandaoni zilitungwa 2018, zikaandikwa upya 2020 na kurekebishwa 2022. Mwenye duka anayeonyesha viatu vyake hayuko katika kundi moja na anayefungua chaneli ya habari na matukio. Huyu wa pili anahitaji leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Aliye katikati, kwa mfano anayehoji watu mtaani kuhusu mambo ya siku, aulize TCRA kabla ya kuanza. Anayetengeneza kisa chenye waigizaji afike Bodi ya Filamu kuuliza utaratibu wa vibali.

Sauti ndiyo inayowaangusha wengi

Video nyingi za Kariakoo hazina tatizo la picha. Simu za siku hizi zinatosha. Tatizo ni kwamba msemaji amesimama Mtaa wa Kongo saa sita mchana, spika ya matangazo inarudia bei ya mashuka nyuma yake, guta linaomba njia, na mtazamaji hasikii hata jina la bidhaa. Nunua maiki ya kola kabla ya kununua taa. Ile ya waya ni rahisi na haiishiwi chaji katikati ya kazi. Ibane kifuani, kiasi cha shubiri moja kutoka kidevuni, na msemaji ageuke ili mwili wake uikinge maiki na barabara.

Mahali bora pa kurekodi maneno mjini hapa ni stoo ya vitenge au ya mabelo ya mitumba. Nguo humeza mwangwi, na sauti hutoka safi kama ya studio. Rekodi maelezo yote humo, kisha toka nje uchukue picha za mtaani bila kuzungumza, na uviunganishe wakati wa kuhariri. Ukiwa nje, chukua pia nusu dakika ya sauti ya mtaa peke yake, isiyo na muziki: wauzaji wakinadi, magurudumu ya mkokoteni, maboksi yakishushwa. Ukiiweka kwa sauti ndogo nyuma ya maelezo, mtazamaji wa Songea au Muscat anajua yuko wapi. Adhana ikianza, simama mpaka iishe. Ni heshima, na pia haikatiki vizuri wakati wa kuhariri.

Muziki unahitaji uangalifu wa pekee. Wimbo unaopigwa kwenye duka la jirani ukiingia katika video yako, mitambo ya YouTube inaweza kuutambua, na mapato ya video hiyo yakaenda kwa mwenye wimbo au sauti ikazimwa. Sheria ya Hakimiliki ya 1999 inamlinda msanii maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo, na COSOTA ndiyo ofisi inayosimamia. Wapo wanaosema, mbona Kili Paul alitumia nyimbo za watu? Kijana huyo wa Kimasai kutoka mkoa wa Pwani, pamoja na dada yake Neema, alipata jina kubwa India kwa kuigiza kwa midomo nyimbo za filamu za Kihindi, hadi Waziri Mkuu Narendra Modi akawataja katika hotuba yake ya redio Februari 2022. Kinachofaa kuigwa kwao ni kamera iliyotulia, vazi lao wenyewe, mandhari ya nyumbani kwao na kurudi kazini kila mara. Lakini kucheza na wimbo ni jambo moja, na kuuzia sabuni kwa wimbo huohuo ni jambo jingine. TikTok na Instagram hutenga muziki unaoruhusiwa kwa akaunti za biashara, na nyimbo nyingi zinazovuma hazimo. Mwenye duka atumie ule ulioruhusiwa, au amlipe kijana wa studio ya mtaani amtungie mdundo wa sekunde 20 na amwandikie karatasi ya kumkabidhi haki.

Mwanga na picha

Dar es Salaam iko karibu na ikweta, kwa hiyo jua la mchana husimama utosini na kutia kivuli machoni. Rekodi kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi jioni. Ikibidi mchana, ingia upande wa mtaa uliofunikwa na kivuli cha maghorofa, na mwenzako ashike foamu nyeupe iliyotoka kwenye boksi la televisheni ili irudishe mwanga usoni.

Ndani ya fremu ya duka kuna tatizo ambalo wengi huliona bila kujua chanzo: picha inapepesa, mistari inapanda na kushuka. Umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, na taa za bei nafuu hupepesa mara 100. Simu inayorekodi picha 30 kwa sekunde inaweza kugongana nazo. Fungua mpangilio wa kamera, chagua picha 25 kwa sekunde kama ipo, na weka kasi ya kufunga lenzi kuwa 1/50 au 1/100. Mistari hiyo hupungua sana au hutoweka. Ukitoka ofisi yenye kiyoyozi kwenda nje, ngoja dakika chache lenzi iache ukungu, kisha uifute kwa kitambaa cha pamba.

Kuhariri

CapCut, InShot au KineMaster, yoyote kati ya hizo inatosha. Video iwe ya wima, upana 1080 na urefu 1920. Maandishi yakae katikati au juu kidogo, maana chini na kulia hufunikwa na vitufe vya mtandao husika. Andika maneno yanayosemwa, kwa herufi kubwa, kwa sababu watu wengi hutazama kwenye daladala au kazini wakiwa wamezima sauti. Sekunde ya kwanza ionyeshe kitu chenyewe: kiatu mkononi, cherehani ikishona, bomba linalovuja. Salamu ndefu na jina la chaneli linalozunguka viondoke.

Hifadhi faili safi, isiyo na nembo ya programu wala ya TikTok. Instagram ilitangaza mapema 2021 kwamba haitazipa nafasi video zenye nembo za mtandao mwingine, kwa hiyo anayepakua kazi yake TikTok ili aipandishe kwingine anajipunja. Ukimtumia mtu video kwa WhatsApp, itume kama hati, kwani ikitumwa kama video hupoteza ubora. Nakala ziwe mbili, na moja isikae dukani. Moto wa tarehe 10 Julai 2021 uliounguza Soko Kuu haukuchagua kati ya bidhaa na daftari la hesabu; flashi iliyo nyumbani Mbagala au Tabata ndiyo inayookoka siku kama hiyo.

Kuitangaza

Taja bei. Mtindo wa kuandika "bei njoo inbox" unafukuza wateja wa mikoani ambao wana bando kidogo na maswali mengi. Sema ya rejareja na ya jumla, jumla inaanzia vipande vingapi, mzigo unatumwa kwa basi gani na nauli yake analipa nani. Taja mtaa, jina la jengo, ghorofa na namba ya fremu, kisha onyesha njia kwa picha kuanzia kituo cha mwendokasi hadi mlangoni. Video ya aina hii hailipuki mtandaoni, lakini huleta watu dukani kwa miezi, na kwa mwenye fremu hiyo ni bora kuliko kicheko cha watu milioni wasionunua.

Mapato ya matangazo kutoka mitandao yasiwe tegemeo la kwanza. YouTube inadai wafuatiliaji 1,000 pamoja na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya mwaka, au video fupi zifikishe mitazamo milioni 10 ndani ya siku 90, ndipo ianze kugawana, na kwa video fupi mtengenezaji hupata asilimia 45 ya fungu lililotengwa kwake. Fundi wa Gerezani anayefundisha kuchomelea anaweza kufika huko akivumilia. Njiani, ale kwa wateja.

Usikae pia kwenye mtandao mmoja. Mei 2025 mtandao wa X ulifungwa nchini, na waliokuwa na wateja wao huko pekee walibaki bila njia. Kila mteja anayeuliza, muombe namba na ridhaa ya kumtumia taarifa, umuweke kwenye orodha yako ya WhatsApp. Orodha hiyo ni mali. Usiiuze wala kumgawia mtu. Wafuasi wa kununua waache: hawanunui, na mtandao ukiona hawatazami unaacha kuwaonyesha wengine.

Unapolipwa na mwingine

Ukialikwa kutangaza duka la mtu, sema ndani ya video kwamba ni tangazo la kulipwa. Shika bidhaa mwenyewe kabla ya kuisifia, maana matangazo ya kupotosha na bidhaa bandia ni mambo ya Tume ya Ushindani, na aliyeonekana usoni hawezi kujificha. Dawa na vifaa tiba visitangazwe bila idhini ya TMDA, mamlaka inayovisimamia, hata rafiki akikuhakikishia kwamba ni mitishamba tu.

Andikeni mkataba, hata ukurasa mmoja: video ngapi, marekebisho mangapi, mteja atazitumia wapi na kwa muda gani, na klipu ambazo hazikutumika zinabaki kwa nani. Jibu la swali la mwisho liwe kwako, isipokuwa amelipia zaidi kwa ajili hiyo. Pokea nusu kabla ya kurekodi na nusu kabla ya kukabidhi faili safi; video ya kuonyesha kwanza iwe na jina lako katikati. Kuwa na TIN, kwani kampuni rasmi haitakulipa bila hiyo, na tangu Julai 2024 malipo kwa watengeneza maudhui ya kidijitali yanakatwa kodi ya zuio ya asilimia 5. Omba cheti cha zuio kila unapokatwa, ukitunze pamoja na mkataba, na uwasilishe TRA utakapofanya hesabu za mwaka ili ulichokatwa kihesabiwe.