Mdogo Wangu, Kabla Hujapanda Gari la Kariakoo

Swali la wiki hii mmeniuliza wengi, wa kike kwa wa kiume: dada, nimejikusanya miezi kadhaa, nataka kompyuta ya mezani ya kufanyia kazi mchana na kuchezea gemu jioni. Siyo ya kitajiri, lakini isiwe ya kunitia aibu. Nitarajie nini?

Sogeza kiti tuzungumze. Kompyuta ya daraja la kati ni ile yenye prosesa ya kori sita, mfano Ryzen 5 5600 au Core i5-12400F, RAM ya GB 16, SSD ya kuanzia GB 500, na kadi ya grafiki kama RTX 3060, RTX 4060 au RX 6600. Mataa ya rangi yasikupumbaze, hayaongezi hata fremu moja.

Kwenye gemu, mashine hii ni ya skrini ya 1920 kwa 1080, ile tunayoiita Full HD. Hapo haitakuangusha. Valorant na EA Sports FC zitateleza kama maji. GTA V, iliyofika kwenye kompyuta mwaka 2015, utaicheza ukiwa umepandisha karibu kila kitu. Gemu nzito kama Cyberpunk 2077 nayo utaicheza, ila ukubali kupunguza vivuli na miale ya mwanga. Usiidai 4K. Skrini ya 4K ina nukta mara nne ya Full HD, na kadi inazichora zote upya kila fremu. Huo ni mzigo wa mashine nyingine. Pia gemu kubwa moja inaweza kula GB 100 na zaidi, kwa hiyo ukipata SSD ya TB 1 ichukue, na bando ulipange mapema.

Kwenye kazi za kila siku ndiko utakakoipenda zaidi. Unabonyeza kitufe, ukimaliza kuvuta kiti ukae, imeshawaka. Excel, mkutano wa Zoom na kurasa ishirini za intaneti vinakaa pamoja bila kugombana. Na anayehariri video za harusi ataona faida ya ile kadi ya gemu, maana hiyo hiyo ndiyo inayoharakisha video kutoka. Kifaa cha starehe kinaweza kukurudishia hela yako.

Sasa nisikilize vizuri, hapa ndipo wengi wanapoumia. Miaka ya nyuma nilinunua kasha lililokuja na pawasaplai yake ndani, jepesi kama boksi tupu la viatu, limeandikwa wati 600. Usiku mmoja umeme ulikatika, ukarudi kwa nguvu. Nikasikia mlio mmoja mkavu, kisha harufu ya plastiki iliyoungua. Pawasaplai ilikufa, na mazabodi ikafa nayo. Niliumia, kwa sababu hela niliyookoa pale ilikuwa ndogo mno. Kadi ya RTX 4060 inakula takribani wati 115 tu, hivyo pawasaplai ya kweli ya wati 550 inakutosha. Tafuta ya kampuni inayojulikana, na ukipata nafasi ongeza UPS. Mzazi akiuliza kuhusu luku, mwambie ukweli: ukicheza, mashine na skrini vinaweza kufika wati 250, yaani saa nne ni uniti moja.

Wengine mtaonyeshwa mitumba ya ofisi za Ulaya, zile OptiPlex na EliteDesk nyembamba. Kwa kazi za ofisi ni nzuri sana. Kwa gemu, ujue kasha lake ni finyu na pawasaplai yake ni ndogo, kadi ya kawaida haiingii. Na ukiambiwa "hii ni i7", uliza i7 ya lini. Core i7-2600 ni ya mwaka 2011, na Core i3-12100 ya mwaka 2022 inaipita. Isitoshe, Microsoft ilisitisha masasisho ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inataka Intel ya kizazi cha nane kwenda juu. Usisome stika ya nje. Iwashe pale pale dukani, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ufungue sehemu ya utendaji, usome mwenyewe prosesa, RAM na kadi. Kisha udai risiti na dhamana ya maandishi.

Ukifika nyumbani, angalia waya. Mdogo wangu wa Tabata alinipigia usiku, sauti imekata tamaa: dada, nimetapeliwa, gemu inakwamakwama. Nikamwambia ageuze kasha, aniambie waya wa skrini umechomekwa wapi. Ulikuwa juu, jirani na matundu ya USB, yaani kwenye mazabodi. Kadi ilikuwa chini yake, imelala bila kazi. Akauhamisha, akawasha, nikamsikia akicheka. Na kama skrini yako ni ya 144Hz, ingia kwenye mipangilio uichague 144, maana mara nyingi inaanza na 60. Vumbi lipulizwe kila baada ya miezi michache, na kasha usilisukumize ukutani likakosa hewa.

Na wewe ambaye hela haijatimia, usikope. Nunua Core i5-12400 isiyo na herufi F, au Ryzen 5 5600G. Hizo zinatoa picha zenyewe bila kadi. Ila pawasaplai weka ile ile nzuri tangu mwanzo. Fanya kazi zako, soma, cheza gemu nyepesi. Siku kadi ikipatikana, utafungua skrubu za ubavuni, utaipachika, utahamisha waya wa skrini ushuke chini. Mashine itakuwa ile ile, na wewe hutakuwa na deni la mtu.