Leseni ya Mfumo Endeshi wa Kompyuta: Kununua Mpya au Kupandisha Toleo?

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ya Marekani ilisitisha masasisho ya bure ya usalama kwa mfumo endeshi wa Windows 10, uliotoka mwaka 2015. Mfumo endeshi ndio programu mama inayoziwezesha programu nyingine zote kufanya kazi ndani ya kompyuta. Kwa hiyo uamuzi huo unamgusa kila mwenye kompyuta katika Kata ya Itaka: mwenye duka la steshenari, karani wa chama cha ushirika, mwalimu mkuu, na mzazi aliyemnunulia mwanawe kompyuta mpakato iliyotumika.

Tangu hapo wengi wameambiwa kwamba "Windows yao imekwisha" na kwamba wanapaswa kununua leseni. Wengine wamelipa, nao hawakuwa na haja ya kulipa. Somo hili linaeleza namna ya kutambua leseni ambayo kompyuta inayo tayari, lini inafaa kupandisha toleo bila malipo, na lini ni halali kutoa fedha.

Ni vema kuanza kwa kuondoa hofu moja. Kompyuta yenye Windows 10 haijazimwa na mtu. Itaendelea kuwaka na kufungua mafaili. Kinachokosekana ni viraka vya usalama, yaani marekebisho yanayoziba mianya ambayo wahalifu wa mtandaoni huigundua kila mwezi.

Leseni ni nini

Anayenunua Windows hanunui programu yenyewe, bali ananunua ruhusa ya kuitumia. Ruhusa hiyo ipo ya aina tatu.

Aina ya kwanza ni leseni ya mtengenezaji, inayokuja pamoja na kompyuta kutoka kiwandani. Hii ni mithili ya kadi ya pikipiki: huenda na pikipiki ile ile hata ikiuzwa mara tatu, wala haiwezi kuhamishiwa pikipiki nyingine. Katika kompyuta nyingi zilizotengenezwa tangu kutoka kwa Windows 8 mwaka 2012, ufunguo wa leseni hii umehifadhiwa ndani ya bodi kuu. Fundi akifuta kila kitu na kuweka Windows upya ya aina ile ile, kompyuta huutambua ufunguo wake yenyewe inapopata intaneti. Anayetoza fedha za "ufunguo" baada ya kazi hiyo huwa anauza kitu ambacho mwenye kompyuta alikuwa nacho.

Aina ya pili ni leseni ya rejareja, inayonunuliwa peke yake. Mwenye nayo anaweza kuiondoa kwenye kompyuta iliyokufa na kuihamishia nyingine, mradi isitumike katika kompyuta mbili kwa wakati mmoja.

Aina ya tatu ni leseni ya jumla, ambayo taasisi au kampuni hununua kwa ajili ya kompyuta zake nyingi. Leseni hii ni mali ya taasisi. Kampuni inapouza kompyuta zake kuukuu, leseni ya jumla haimfuati mnunuzi.

Kutambua leseni iliyopo

Mwenye kompyuta hahitaji fundi kwa hatua hii. Abonyeze kwa pamoja kitufe chenye alama ya Windows na herufi R, kisha katika kisanduku kitakachofunguka aandike slmgr /dli na kubonyeza Enter. Baada ya sekunde chache litatokea dirisha dogo lenye maelezo. Likiwa na neno OEM, hiyo ni leseni ya mtengenezaji. Likiwa na neno RETAIL, ni ya rejareja. Likiwa na neno VOLUME, ni ya jumla.

Maneno VOLUME_KMSCLIENT yanahitaji uangalifu wa pekee. Maana yake ni kwamba kompyuta inatakiwa kuthibitishwa na kompyuta kuu ya taasisi fulani, na uthibitisho huo hudumu siku 180 kabla ya kuhitaji kuhuishwa. Ofisi ya taasisi kubwa inaweza kuwa nayo kihalali. Lakini yakionekana kwenye kompyuta ya duka au ya nyumbani, aghalabu ni dalili kwamba mtu aliweka programu ya kughushi uthibitisho, ile inayojulikana mitaani kwa jina la "krak". Mnunuzi wa kompyuta iliyotumika, awe Mlowo, Vwawa au Tunduma, na afanye uchunguzi huu dukani kabla ya kutoa fedha.

Kupandisha toleo bila malipo

Mwenye leseni halali ya Windows 10 ana haki ya kupanda hadi Windows 11 bila kulipa, ikiwa kompyuta yake inakidhi masharti. Toleo la Home hupanda kuwa Home, na la Pro kuwa Pro. Ufunguo wa zamani wa Windows 7 au 8 hautumiki tena kwa njia hii, kwani Microsoft iliufunga mlango huo Septemba 2023.

Masharti yanahusu mwili wa kompyuta. Inatakiwa RAM isiyopungua GB 4, nafasi ya kuhifadhi isiyopungua GB 64, kifaa cha usalama kiitwacho TPM toleo la 2.0, na prosesa iliyomo katika orodha iliyokubaliwa. Kivitendo, kompyuta yenye GB 4 za RAM itafanya kazi kwa kujikokota. GB 8 ndicho kiasi cha kuridhisha.

Kwa prosesa za Intel Core i3, i5 na i7, orodha hiyo, ukiacha chache, huanzia kizazi cha nane kilichotoka mwaka 2017. Kizazi husomwa katika tarakimu zinazofuata kistari. Prosesa iitwayo i5-8250U ni ya kizazi cha nane, nayo inakubalika; i5-6300U ni ya kizazi cha sita, nayo haikubaliki. Tarakimu hiyo moja inaweza kumwokoa mnunuzi wa kompyuta ya mtumba na hasara kubwa.

Programu ya Microsoft iitwayo PC Health Check, ambayo hutolewa bure, hutoa jibu la ndiyo au hapana pamoja na sababu. Ikisema kwamba TPM haipo, mtu asikate tamaa upesi. Katika kompyuta nyingi kifaa hicho kipo ila kimezimwa, na fundi anaweza kukiwasha katika mipangilio ya awali bila kununua chochote.

Gharama halisi ya kupandisha toleo ni kifurushi cha intaneti na muda. Kazi hiyo hupakua GB kadhaa, na haipaswi kukatizwa na umeme. Kabla ya kuanza, mafaili yote muhimu yanakiliwe kwenye diski ya nje au flashi, na betri iwe imejaa.

Wapo mafundi wanaojua kuilazimisha Windows 11 iingie katika kompyuta isiyokidhi masharti. Inawezekana, lakini Microsoft imetamka kwamba kompyuta ya namna hiyo haina uhakika wa kupata masasisho. Hivyo mwenyewe anabaki na tatizo lile lile alilotaka kulikimbia.

Kuongeza muda wa Windows 10

Kompyuta isiyoweza kupanda inaweza kuongezewa muda. Kwa kompyuta ya matumizi binafsi yenye Windows 10 toleo la 22H2, masasisho ya usalama yanaweza kuendelea hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Mwenyewe hujiandikisha kupitia sehemu ya Windows Update akiwa na akaunti ya Microsoft. Akikubali mipangilio ya kompyuta yake ihifadhiwe katika akaunti hiyo, halipi kitu; asipotaka, hulipa dola 30 za Marekani mara moja. Uandikishaji mmoja hutosha kwa kompyuta hadi 10 zinazotumia akaunti hiyo.

Kwa biashara na taasisi hesabu ni nyingine. Mwaka wa kwanza ni dola 61 kwa kila kompyuta, na bei huongezeka maradufu kila mwaka: 122 mwaka wa pili, 244 mwaka wa tatu, ambao ndio wa mwisho. Jumla yake ni dola 427 kwa kompyuta moja. Taasisi za elimu zenye mikataba ya leseni za elimu zimewekewa bei ya dola 1, kisha 2, kisha 4. Ni dhahiri kwamba njia hii ni daraja la kuvukia. Anayelipa mwaka wa kwanza na awe tayari anajua atakachofanya mwaka utakaofuata.

Wakati gani ununue leseni mpya

Kununua leseni kunafaa katika hali moja kuu: kompyuta inakidhi masharti ya Windows 11, lakini haina leseni halali. Ndivyo inavyokuwa kwa kompyuta iliyounganishwa na fundi kipande kwa kipande, au iliyokutwa na uthibitisho wa kughushi. Hali nyingine ni ya mwenye Home anayehitaji huduma za Pro. Huyo hununua nyongeza tu badala ya leseni nzima. Nchini Marekani Microsoft huuza Windows 11 Home kwa dola 139 na Pro kwa dola 199.99, ilhali nyongeza ya kutoka Home kwenda Pro ni dola 99.

Bei hizo zina somo ndani yake. Mtu akiuziwa "leseni halisi ya maisha" kwa shilingi elfu chache, na ajue kwamba yamkini amepewa ufunguo wa jumla ulioibwa au uliokwisha kuuzwa kwa watu wengi. Unaweza kukubali leo na kukataliwa baada ya miezi. Muuzaji halali hutoa risiti ya EFD na huandika aina ya leseni anayouza.

Zaidi ya hayo, leseni mpya haitibu kompyuta kuukuu. Mashine ya kizazi cha nne haitakubalika kwa Windows 11 hata ikinunuliwa leseni tatu.

Njia isiyo na ada ya leseni

Ipo mifumo endeshi ya familia ya Linux, kama vile Ubuntu na Linux Mint, inayotolewa bure na kihalali. Ubuntu ilianzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Toleo lake la 24.04 litapata masasisho ya kawaida hadi mwaka 2029, na hufanya kazi katika mashine nyingi ambazo Windows 11 imezikataa. Programu huria si jambo geni Tanzania. Mwaka huo huo wa 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili.

Linux humfaa anayeandika barua, kutunza hesabu na kutumia mifumo ya serikali inayofunguliwa kwa kivinjari, kama Tausi na NeST. Haimfai anayetegemea programu iliyotengenezwa kwa Windows pekee, na printa nyingine huwa na ugumu wa kuitambua. Dawa ni kuijaribu kwanza: huwashwa kutoka kwenye flashi bila kugusa kilichomo ndani ya kompyuta.

Hasara ya kughushi

Programu za kompyuta zinalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Sura ya 218. Anayetumia nakala ya kughushi katika biashara hujiweka katika hatari ya kisheria. Lakini hatari iliyo karibu zaidi ni ya kiusalama. Ili "krak" ifanye kazi, fundi huzima kinga ya virusi kwanza, kisha huiingiza programu ya mtu asiyejulikana na kuipa mamlaka yote.

Mei 2017 virusi vilivyoitwa WannaCry vilifunga mafaili katika kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150, na kudai fidia. Hospitali za Uingereza zililazimika kuahirisha matibabu. Kiraka cha kuzuia shambulio hilo kilikuwa kimetolewa miezi miwili kabla. Walioumia ni wale ambao kompyuta zao hazikukipokea.

Mfano wa uamuzi

Tuseme chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa kina kompyuta mbili. Ya kwanza ina prosesa ya kizazi cha nane na leseni ya OEM ya Pro. Ya pili ni ya kizazi cha nne. Fundi anashauri zinunuliwe leseni mbili mpya. Kwa bei zilizotajwa, hizo ni takribani dola 400 za wanachama.

Ushauri huo si sahihi kwa mashine zote mbili. Ya kwanza inapanda bila malipo. Ya pili haitapanda hata ikinunuliwa leseni. Chama kinaweza kuiwekea Linux, au kulipia dola 61 za mwaka mmoja huku kikitafuta mashine nyingine. Daftari la kilo za kahawa na malipo ya kila mkulima lihamishiwe kwenye mashine ya kwanza, na nakala yake itunzwe nje ya kompyuta. Daftari hilo likifungwa na virusi katikati ya msimu, mkulima ndiye atakayekosa ushahidi wa mzigo aliouleta. Aidha, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka kila anayetunza taarifa za watu azilinde.

Utaratibu ni huu, na ufuatwe kwa mpangilio:

1. Tambua aina ya leseni iliyopo.
2. Pima kama kompyuta inakidhi masharti ya Windows 11.
3. Nakili mafaili yote muhimu nje ya kompyuta.
4. Ikiwa leseni ni halali na mashine inafaa, pandisha toleo bila malipo.
5. Ikiwa mashine haifai, chagua Linux, kuongeza muda, au kubadilisha mashine.
6. Nunua leseni pale tu mashine inapofaa na leseni halali haipo.

Wakuu wa shule, zahanati na ofisi za umma ndani ya kata wasinunue leseni kwa utashi wao. Wawasiliane kwanza na wataalamu wa TEHAMA wa Halmashauri, na manunuzi yafuate taratibu za ununuzi wa umma.